Jumapili ya Dola Mbili na Nusu

Ugomvi ulianza Jumamosi jioni, juu ya beseni la majani ya taro.

Losaline alikuwa amekaa chini, jikoni kwa shangazi yake huko Minto, pembezoni mwa Sydney, anafunga lu za kesho: jani juu ya jani, nyama ya kopo katikati, tui la nazi, halafu karatasi ya kung'aa inabanwa pembe nne. Lu arobaini, kwa sababu siku ya Jumapili nyumba ya Shangazi Kalolaine haikuwa nyumba, ilikuwa kituo. Kwaya ilishukia pale, wazee wa kava, kinywaji chao cha mizizi, walishukia pale, na wale ambao hawakualikwa ndio waliowahi viti.

"Shangazi," akasema bila kuinua uso, "kesho nitasali ile ibada ya alfajiri. Halafu mimi na Vasemaca tutaenda mjini kutembea."

Vasemaca, rafiki yake Mfiji aliyesafiri naye kutoka chuoni Suva, alikuwa anamenya viazi vikuu kwenye sinki. Kisu kikasimama.

Shangazi Kalolaine akaendelea kufungua makopo ya tui. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti, na makopo mikononi mwake yalifunguka kama yanaogopa. "Mjini kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini siku ya Bwana?"

"Feri, Shangazi. Lile jumba lenye paa kama matanga ya jahazi. Daraja."

"Daraja lipo hata Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi napanda ndege."

Watonga walipohama walikunja Jumapili yao pamoja na mikeka, wakaja kuikunjulia Minto bila kupunguza hata uzi mmoja. Nyumbani Tonga siku hiyo duka halifunguki, ndege hairuki, mpira hauchezwi, hakuna kuogelea. Hata kuku wanatembea kwa adabu. Ukitoka kanisani unakula, ukila unalala, ukiamka unarudi kanisani. Losaline alikuwa ameishi hivyo miaka ishirini na hakuwa na kinyongo. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Wiki nzima alikuwa amefungiwa kwenye mkutano wa wanafunzi, ukumbi usio na dirisha, wanajadili bahari bila kuiona. Mfuko wake ulikuwa wa mwanafunzi, yaani mfuko wa jina tu. Na miaka ile mji wa Sydney ulikuwa na sheria yake: Jumapili kadi ya usafiri ikishakata dola mbili na nusu haikati tena mpaka usiku. Treni, basi, feri, panda ushuke utakavyo. Siku nyingine yoyote, kwenda na kurudi ufukwe wa Manly kwa feri kungemlia chakula cha siku mbili.

Kwa ufupi, mji ulikuwa rahisi siku moja tu katika wiki, na siku hiyo ndiyo ambayo Mtonga hatoki.

"Binamu zangu watatu walishakuja Sydney," Losaline akasema. "Ukiwauliza mji ukoje wanakueleza zulia lako, Shangazi. Wanasema lina maua mekundu."

"Na ni zulia zuri."

"Ni zuri. Lakini si mji."

Vasemaca akakohoa ili asicheke. Shangazi akaweka kopo chini taratibu, na hapo Losaline akajua kwamba linalokuja si mzaha. Kwao, mwanamume anaweza kuwa mkubwa wa kijiji kizima, lakini dada yake ni mkubwa wake, na watoto wake wote ni watu wa huyo dada. Shangazi akitaka mkeka wako, anachukua. Akitaka nguruwe wako, anaonyesha kwa kidole. Na siku ya sherehe yako, yeye ndiye anayekaa mbele ya wote juu ya mkeka wake, anapokea keki na vitambaa, kila mtu anaona kwamba una mizizi. Januari Losaline alikuwa anatimiza miaka ishirini na moja. Kijiji chao cha Kolonga kilishaalikwa chote, hema limeshawekwa oda, na tiketi ya Shangazi imeshakatwa.

"Nenda," Shangazi akasema. "Una miguu, nenda. Lakini Januari mkeka wangu utakaa mtupu. Utakata keki yako mbele ya mkeka mtupu, watu wa Kolonga waone mtoto wa kaka yangu ni mtoto wa namna gani."

Lu zikaendelea kufungwa. Kuna wasichana waliosusiwa na shangazi zao siku kama hiyo, na majina yao bado yanatajwa kwenye visima, wakati wao wenyewe wameshakuwa bibi.

Losaline alilala na neno hilo likiwa limelala ubavuni mwake kama jiwe la tanuri. Asubuhi aliamka nalo. Alisali alfajiri, aliimba sauti ya pili bila kukosea, akamsogelea Shangazi kwenye ngazi za kanisa, akainama. "Tunakwenda, Shangazi. Tutarudi saa kumi na moja." Shangazi akatazama maegesho ya magari kama vile hakuna aliyezungumza.

Kituoni Vasemaca alimkagua kutoka juu hadi chini. Losaline alikuwa bado amevaa kiekie yake kiunoni, ule mkanda wa heshima wa nyuzi ndefu zilizosukwa, zinazocheza ukitembea.

"Shoga, unatoroka na sare ya gereza?"

"Kuvunja Jumapili ni jambo moja," Losaline akasema. "Kutoka bila kiekie ni uhuni."

"Nyie Watonga hamponi."

"Na nyie Wafiji mnapenda kuja kututazama tusivyopona."

Treni ya kwenda mjini ilichukua saa nzima, ikapita nyuma za nyumba, kamba za nguo, viwanda, halafu ghafla ikatokea juu ya maji. Losaline akasimama kabla haijasimama. Daraja lilikuwa upande mmoja, jumba la matanga upande wa pili, na katikati feri za kijani na njano zinageuka geuka kama akina mama wanaotafuta nafasi ya kukaa. Vasemaca, ambaye kukaa kimya kwake ni ugonjwa, alisema kwa niaba ya wote wawili.

Walitembea kwa akili ya mwanafunzi. Maji walijaza kwenye bomba la bustani. Choo walitumia cha kituo. Kuingia ndani ya jumba na kuongozwa kulitaka pesa ambazo Suva zingelipa kodi ya chumba wiki mbili, kwa hiyo walilizunguka kwa nje, wakapanda ngazi zake zote, na Losaline akaweka kiganja chake kwenye vigae na kukiacha hapo. Hilo halikuwa na tiketi.

Njaa ilipouma walikaa kwenye viti viwili vya mgahawa mmoja kando ya maji, wakatoa lu mbili walizozibeba kwenye kopo la siagi. Hawajafungua vizuri, mhudumu akafika, kijana mwenye aproni nyeusi.

"Samahani, viti ni vya wateja."

"Tunamaliza sasa hivi, kaka," Vasemaca akasema.

"Ni vya wateja," akarudia, safari hii akiwatazama kuanzia viatu.

Losaline akainuka, akakunja karatasi yake, akasema kwa upole kama anasoma matangazo ya kanisa, "Kiti ni chako. Mandhari je, nayo ni ya wateja?"

"Mandhari ni ya bure, dada."

"Basi tumemalizana."

Wakakaa hatua kumi mbele, kwenye ukuta wa mawe, miguu inaning'inia juu ya maji, mgongo kwa mgahawa. Wale wateja wa viti wakawa wanatazama bahari kupitia mabega ya wasichana wawili wanaokula lu. Tui liliwachuruzika mpaka viwikoni. Shakwe mmoja akaja kuomba, Vasemaca akamwambia viti ni vya wateja.

Hapo ndipo watalii wawili walipowafuata, mume na mke, kofia zimefanana. Mke akaonyesha kiekie. Alitaka picha. Kabla Losaline hajajibu, mume alishainua kamera na mke ameshanyoosha noti ya dola tano, anatabasamu kama anavyotabasamu mtu kwa mtoto wa mwenziwe.

Vasemaca akaitazama ile noti kwa mapenzi ya dhati. "Shoga, hiyo ni viazi vya kukaanga vya watu wawili."

Losaline akafuta mikono. Hakuwa na hasira na wale watu, walikuwa wema. Lakini alikuwa ameacha mkeka mtupu nyuma yake kwa ajili ya siku hii, na hakuwa ameuacha ili aje kutazamwa.

"Hapana, asante," akasema. "Leo mimi ndiye ninayetazama." Akatoa simu yake, yenye kioo kilichopasuka pembe, akainyoosha. "Simameni hapo, tafadhali. Kofia zenu ni nzuri sana. Nitawaonyesha watu wa kwetu."

Wakasimama. Kwa kweli walifurahi. Noti ikarudi mfukoni ilikotoka, Vasemaca akaisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

"Hiyo jeuri yako," akasema, "ina njaa."

Kwenye feri ya Manly walikaa upande wa kushoto, ndani, karibu na kioo, kwa sababu ndivyo walivyosukumwa na watu. Waliona daraja linarudi nyuma, dogo, dogo zaidi. Mfunga kamba wa feri alipita, jibaba la miaka hamsini na kitu lenye shingo kama gogo, akaiona kiekie, akasimama kama amepigwa kofi.

"Wewe ni wa nani?" akauliza Kitonga.

Swali hilo halina njia ya kulikwepa. "Wa Viliami wa Kolonga. Shangazi yangu ni Kalolaine, wa Minto."

"Kalolaine wa kwaya?" Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, kana kwamba Shangazi angeweza kuwa amejificha kwenye majaketi ya kuokolea. "Na leo ni Jumapili?"

"Na wewe leo ni Jumapili, mjomba."

Akacheka mpaka tumbo likagusa nguzo. Jina lake lilikuwa Pauliasi. "Mimi mke wangu amewaambia kanisani kwamba naumwa mgongo. Huu mwaka wa nne nina mgongo. Sikiliza, mwanangu, ningeandika majina ya ninaowaona humu Jumapili, kanisani wangebaki mchungaji na kinanda. Wewe kaa. Mimi sijakuona."

"Niache unione tu, mjomba."

"Usiwe mjinga. Habari itafika kabla yako."

Hilo Losaline alilijua. Minto nzima ina midomo, na midomo yote ina simu. Mpaka saa tisa kungekuwa na mtu aliyemwona amekumbatiana na mzungu, na saa kumi mzungu angekuwa wawili. Nyumbani kwao bibi yake alikuwa na msemo: umbea wako uuze mwenyewe, wengine wataupunja. Akampa Vasemaca simu, akasimama wima mbele ya kioo, kiekie yake imenyooka, bahari nyuma. Picha ikapigwa. Akamtumia Shangazi, na maneno chini yake: *Shangazi, niko salama. Niko kwenye feri. Lu zimekuwa tamu.*

Vasemaca akashika kichwa. "Umemtumia kweli? Hapo yuko kanisani."

"Ataiona wakati wa matangazo."

"Losaline. Ungeomba radhi baadaye, ungelia kidogo, yangekwisha. Ndivyo watu wanavyoishi."

"Ningelia, nikasamehewa, halafu ningekuwa mtu aliyeiba siku. Sijaiba. Nimeichukua mchana kweupe."

Simu ilionyesha kwamba picha imeonekana. Jibu halikuja. Manly walivua viatu, wakaingia baharini mpaka magotini, Jumapili, bila mbingu kuanguka. Losaline aliitoa simu tena na tena kuitazama. Alikuwa na woga, tusidanganyane. Ila woga ulikaa upande wake na yeye akakaa upande wake, wakaangalia mawimbi pamoja.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano walifika Minto. Viatu mlangoni vilikuwa vingi kama siku ya msiba. Ndani, bakuli la kava lilikuwa katikati ya zulia la maua mekundu, wanaume wamelizunguka, wanawake kwenye makochi, na Shangazi Kalolaine kwenye kiti chake chini ya picha ya mfalme. Losaline akainama, akapita chini chini, akakaa sakafuni karibu na mlango, chini ya kila mtu.

"Karibu, msafiri," Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jirani. "Hebu waeleze watu umetoka wapi siku ya Bwana."

Alitaka kumtia aibu, na watu wote walijua, wakajiweka sawa kutazama. Kosa lake lilikuwa kumuuliza Losaline swali mbele ya nyumba iliyojaa. Losaline akaeleza. Alieleza treni inavyotokea juu ya maji. Alieleza mhudumu na viti vyake, mtu mmoja akacheka puani. Alieleza watalii na kofia zao, akatoa simu, ikazunguka mkono kwa mkono.

"Lile jumba," akauliza Mzee Semisi, mchanganya kava, "kwa karibu ni jeupe hivyo hivyo?"

"Si jeupe, babu. Ni vigae. Vingine vinang'aa, vingine ni rangi ya siagi. Nimevipapasa."

"Miaka kumi na tisa niko hapa," Mzee Semisi akawaambia wenzake, "nikidhani ni jeupe."

"Na feri inatikisika?" mama mmoja wa kwaya akauliza.

"Basi," Shangazi akasema, na sauti ile ikafunga midomo yote. "Hatujaitana hapa kwa utalii. Losaline, omba msamaha."

Losaline akainamisha kichwa. "Kwa kukuudhi, Shangazi, nakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa. Kwa kwenda, siombi."

"Nilikwambia jana," Shangazi akasema polepole. "Mkeka wangu."

"Ulinambia. Kuukalia au kuuacha ni haki yako, mimi siwezi kuigusa. Lakini nitautandika. Nitautandika mbele kabisa, keki nitaiweka mbele yake, na hakuna mtu mwingine atakayeukalia, hata wakinipa kisiwa. Na watu wa Kolonga wakiniuliza yuko wapi Kalolaine, nitawaambia ukweli kwenye kipaza sauti: nilipanda feri Jumapili baada ya kusali, na yeye akakasirika."

"Unanitisha?"

"Hapana, Shangazi. Nakuambia mapema. Kama nilivyokuambia jana, na kama nilivyokuambia leo asubuhi, ukatazama magari."

Mzee Semisi akakumbuka ghafla kwamba kava inahitaji kukorogwa. Mama wa kwaya akajifunika mdomo kwa upepeo. Shangazi akamnyooshea mtoto wa kaka yake kidole kuelekea jikoni.

"Nenda kaoshe vyombo," akasema mwishowe. "Vyote. Peke yako."

Vilikuwa vyombo vya watu arobaini na mafuta ya nguruwe juu yake. Vasemaca akataka kuinuka, Shangazi akamrudisha chini kwa nyusi. Losaline akakunja mikono ya blauzi, akajaza sinki maji ya moto. Alikuwa amefika sahani ya ishirini hivi mlango uliposukumwa, ukafungwa tena. Hakugeuka. Nyuma yake Shangazi alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ulikaa upande gani?"

"Wa nini, Shangazi?"

"Wa feri. Wa nini tena."

"Kushoto."

"Wakati wa kwenda?"

"Wakati wa kwenda. Ndani, karibu na kioo."

Shangazi akasonya, sonyo refu la mtu aliyeona mali inaharibiwa. "Kushoto unapewa daraja, tena mgongo wake. Kwenda unakaa kulia, juu, nje, kwenye upepo. Linapita jumba, inapita bustani, halafu mkifika pale mlangoni mwa bandari bahari kuu inafunguka yote kwa mpigo, chombo kinapanda, kinashuka, moyo unakuja kooni. Ndani karibu na kioo wanakaa wagonjwa."

Maji yaliendelea kutiririka. Losaline akayafunga, akageuka taratibu sana, povu mpaka viwikoni.

"Shangazi. Hiyo ilikuwa siku gani?"

Shangazi Kalolaine akashika kikombe kilichokwisha kupangwa, akakipanga upya. Alikuwa amekwisha kuanguka, kilichobaki ni kuchagua namna ya kulala. "Nilikuwa na miaka ishirini na tatu," akasema kwa sauti ndogo ambayo Losaline hakujua kwamba anayo. "Nafua mashuka hotelini siku sita. Ilibaki siku moja ya kupumzika."

"Ipi?"

"Usinichimbe."

"Nani anajua?"

"Marehemu mume wangu, kwa sababu ndiye aliyeninunulia aiskrimu. Na sasa wewe. Na ikitoka nje ya jiko hili..."

"Haitatoka," Losaline akasema. "Ukija Januari."

"Wewe mtoto. Unaniwekea bei mimi, shangazi yako?"

"Nimejifunza humu humu, Shangazi."

Nje ya mlango kulikuwa na kimya cha watu wanaojitahidi kusikia. Shangazi akakitambua kimya hicho, maana amekikaa nyuma ya milango mingi maishani mwake. Akasogea karibu, harufu ya mafuta ya nazi na unga wa kava.

"Baba yako anachoma nguruwe wangapi?"

"Amesema sita."

"Sita ni wa mtoto wa maskini. Mwambie kumi, mimi nimesema."

Kisha akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, akafungua mlango kwa kishindo, wenye masikio wakatawanyika, na ile sauti ya kwaya ikarudi mahali pake: "Na hayo masufuria uyasugue mpaka nione uso wangu. Watoto wa siku hizi hawana adabu hata chembe."

"Ndiyo, Shangazi," Losaline akasema, akafungulia maji tena.